Mshamba Aliyeuchekesha Mji

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuweke kando kidogo habari za uji wa mtoto na ada za shule, tuzungumze juu ya kicheko. Sisemi kicheko chochote tu, bali kile tunachokipata katika kona ya gazeti, pale penye watu waliochorwa kwa kalamu, wenye vichwa vikubwa na miguu myembamba, na maneno yao yamefungiwa ndani ya kiputo juu ya kichwa. Wengine huita picha hizo katuni, wengine vibonzo. Wako wazee wetu walioziita zote kwa jina la mtu mmoja tu: Chakubanga.

Huku kwetu Masasi na Newala, kwa miaka mingi gazeti lilikuwa mgeni aliyefika amechoka. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa kule Rufiji mwaka 2003, masika yakikata barabara, magazeti ya Dar es Salaam yalikawia pamoja na abiria na mizigo. Likifika, lilisomwa kwanza na mwalimu, likaenda kwa karani wa ushirika, likaishia dukani kufungia sukari na karanga. Akina mama wengi walimjua Chakubanga kwa njia hiyo, katika kipande cha gazeti kilichokuja na nusu kilo ya sukari. Mara nyingine picha ilikuwa imechanwa katikati, na mwisho wa kichekesho umekwenda kwa mteja mwingine. Kipande kilichosalimika kilibandikwa ukutani, na mtoto akajifunzia kusoma hapo. Habari za mkutano wa viongozi angeziruka, lakini katuni hakuiruka.

Ndiyo maana naona si vema kuiita kazi hii upuuzi wa kupitisha wakati. Jambo lililoingia katika nyumba nyingi namna hiyo, na kuwafundisha watoto wetu nani wa kuchekwa na nani wa kuheshimiwa, linastahili mama alitazame vizuri.

CHAKUBANGA ALIKUWA NANI?

Gazeti la Uhuru lilianza mwaka 1961, likiwa gazeti la chama cha TANU. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi ilipokuwa ikilizungumzia Azimio la Arusha la mwaka 1967, mchoraji Christian Gregory alikuwa akiwaletea wasomaji wa Uhuru vituko vya Chakubanga. Sisi wa Masasi tuna sababu ya kuikumbuka miaka hiyo kwa namna yetu. Tangu mwaka 1966 Mhariri Mtendaji wa Uhuru na gazeti dada la Kiingereza, The Nationalist, alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi kuanzia mwaka 1995 hadi 2005.

Chakubanga ni mtu wa shamba aliyeingia mjini. Mji unamshangaza, naye anaushangaza mji. Anataka kuishi kama wenyeji, lakini kila anapojaribu anajikwaa. Hapo ndipo wasomaji walipocheka.

Sasa tujiulize, kwa nini nchi nzima ilimpenda mtu wa namna hiyo? Jibu liko katika neno lenyewe mshamba. Maana yake ya asili ni mtu wa shamba, yaani mkulima, yule anayewalisha wengine. Miaka ile viongozi walisema mkulima ndiye nguzo ya taifa. Lakini barabarani, kijana wa mjini akitaka kumtukana mwenzake alimwita mshamba! Neno moja lilikuwa sifa jukwaani na tusi kituoni cha basi. Mchoraji alisimama katikati ya mambo hayo mawili na kutuonyesha kwa wino jinsi yalivyogongana. Tena hao waliocheka mjini, wengi wao walikuwa wamefika mwaka jana au mwaka juzi. Walimcheka Chakubanga huku wakimkumbuka aliyeshuka na kikapu chake, akiuliza njia, na mtu huyo alikuwa wao wenyewe. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kazi ya mchoraji ni kumpa nyani kioo, na kumpa kwa upole kiasi kwamba asikivunje.

HABARI HII INATUHUSU

Kwetu sisi wa uwanda wa Makonde, habari ya mshamba mjini iko karibu sana. Vijana wetu wamekwenda Dar es Salaam kizazi baada ya kizazi kutafuta riziki, na neno machinga, ambalo leo nchi nzima hulitumia kwa mchuuzi anayetembeza bidhaa, husemwa kwamba limetokana na jina la Wamachinga wa Lindi. Mtoto wa Newala akitaja kwao, baadhi ya watu hutabasamu kabla hajamaliza. Bibi zetu wenye ndonya kwenye mdomo na nembo usoni, ambao kwa wakati wao huo ulikuwa urembo na heshima ya mwanamke, wamepigwa picha na kuchorwa na wageni kama vitu vya kushangaza. Na jambo linalouma zaidi ni kumwona mjukuu wa damu akicheka picha ya aina hiyo, bila kujua kwamba anamcheka mama wa mama yake.

Kwa hiyo mama wa huku akisoma katuni ya mtu wa shamba ana haki ya kuuliza: Je, hapa tunachekwa, au tunacheka pamoja? Swali hilo ndilo ninalotaka tulishike mpaka mwisho wa makala hii.

JUHA AMBAYE NI SUNGURA

Chakubanga hakuwa wa kwanza katika Kiswahili. Wenzetu wa Kenya walitangulia katika miaka ya 1950. Mchoraji Edward Gicheri Gitau alianza katika gazeti la Tazama na mtu wake aitwaye Juha Kasembe. Baadaye mtu huyo akahamia magazeti mengine na kujulikana kwa jina la Juha Kalulu, na katika Taifa Leo la Nairobi aliendelea kuwachekesha watu kwa miongo mingi. Ni mchoraji mmoja na mtu wake mmoja, nao walizeeka pamoja na wasomaji wao.

Litazameni jina hilo. Juha ni mpumbavu, mtu asiye na akili. Kalulu ni sungura katika hadithi za watu wa upande wa Ziwa Nyasa, na sote tunajua kwamba katika hadithi zetu sungura ndiye mwerevu kuliko wanyama wote, hata tembo na simba huwashinda. Basi mtu huyu ni mpumbavu na mwerevu kwa pamoja! Jina peke yake ni kichekesho, na ndani yake mna ukweli ambao kila aliyeolewa anaujua. Nani hajamwona mtu mwerevu sana akajitega mwenyewe kwa ujanja wake? Akili nyingi huondoa maarifa.

USTADI ULIO NDANI YAKE

Watu wengi hudhani katuni ni rahisi kwa sababu mistari yake ni michache. Mambo ni kinyume chake. Mama anayejua kupika anaelewa kwamba mchuzi wenye viungo viwili tu hauna pa kufichia kosa. Mchoraji ana mstari mmoja wa nyusi, na kwa mstari huo lazima tujue kama mtu amekasirika, ameona haya au anadanganya. Tone moja la jasho kando ya shavu linatuambia ana wasiwasi. Mistari mitatu nyuma ya kisigino inatuambia anakimbia.

Uchache huo ulitokana pia na mashine. Waliowahi kufika kwenye mtambo wa uchapaji wa misioni ya Ndanda wanajua kazi ilivyo kati ya wino na karatasi. Picha ya kamera, ikichapwa kwenye karatasi ya gazeti ya bei nafuu, mara nyingi iligeuka wingu jeusi, na uso wa waziri usitofautiane na ukuta. Mstari mnene wa kalamu haukuwa na taabu hiyo. Ulitoka safi, na ulisomeka hata baada ya kulowa mafuta ya vitumbua.

Halafu kuna visanduku. Katuni ndefu hupangwa katika visanduku vitatu au vinne, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kimoja ni kitambo kidogo cha wakati. Cha kwanza hutuonyesha mtu na mahali. Cha pili huleta jambo. Cha tatu hulikaza. Cha mwisho hulifungua, na hapo kicheko hutoka. Niwape mfano wa kubuni, wa kwetu wenyewe.

Sanduku la kwanza: mzee wa Newala ameshuka kwenye basi mjini na kikapu cha korosho ambazo hazijabanguliwa. Kijana mwenye tai na miwani ya jua anamwambia, "Shikamoo mzee, nikupokee mzigo?" Sanduku la pili: mzee anampa, anatabasamu kwa meno yote. Sanduku la tatu: kijana anatimua mbio na kikapu, tai imepeperuka begani, watu wanapiga kelele, lakini mzee amekaa chini ya mti anafungua chupa yake ya maji. Sanduku la nne halina neno hata moja: kijana yuko nyuma ya ukuta, korosho iliyong'atwa iko mkononi, na midomo yake imevimba kama andazi.

Mama wa huku ameshacheka, kwa sababu anajua mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza ngozi. Mtu wa mbali angehitaji kuelezwa, na kichekesho kikielezwa kimekufa. Mchoraji hakuchora maumivu wala hakuandika "mwizi ameadhibiwa". Ameacha nafasi, akatuamini kwamba tutaijaza kwa ujuzi wetu. Tazameni pia jinsi mizani ilivyogeuka: aliyeonekana mshamba ndiye aliyejua jambo, na mjanja wa mjini ndiye aliyekuwa hajui. Katuni nzuri ya mtu wa shamba ina mgeuko huo ndani yake. Humwangusha mtu wake kila siku, lakini hamwachi bila akili.

UTANI NA DHIHAKA

Sasa turudi kwenye swali letu: tunachekwa au tunacheka pamoja? Mababu zetu walitupa kipimo kizuri, nacho ni utani.

Makabila ya kusini na Wangoni walipigana zamani, kisha vita vikageuka utani. Mtani anaweza kuja msibani, watu wanalia, yeye akaiga sauti ya marehemu, akadai deni lisilokuwapo, hata akazuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Hakuna anayekasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi na kuteka maji, na ukiwa na shida hawezi kukupita. Ruhusa yake ya kukucheka imelipiwa kwa kukubeba. Asiyebeba hana ruhusa hiyo, na maneno yake yanaitwa dhihaka.

Hata ngoma yetu ya mapiko ina siri hii. Wachongaji wa Kimakonde walichonga sura za lipiko za wazee wa kijiji, na pia za Mzungu mwenye pua ndefu, mfanyabiashara wa Kihindi, askari na kofia yake. Sura ilitiwa chumvi, mwendo wa mtu ukaigwa, na uwanja mzima ukacheka. Sisi wanawake tuliambiwa zamani kwamba aliye ndani si mtu bali mzimu. Lakini mwanamke mwenye macho alitambua mwendo wa jirani yake, akanyamaza kwa adabu. Ile ilikuwa katuni kabla ya gazeti, iliyochongwa kwa mti na kuchezwa kwa miguu. Na wachongaji walipomchonga mwanamke mwenye ndonya, walimchonga kama mama yao, wakijua jina lake na sauti yake.

Chakubanga na Juha Kalulu waliishi miaka mingi kwa sababu wachoraji wao walikuwa watani wa watu waliowachora. Kila mmoja ana jina, ana haja zake, ana aibu zake, na kesho asubuhi anaamka tena na kujaribu. Mtu huwezi kumchora hivyo kwa miaka bila kumpenda.

Lakini si kila katuni ina utani huo, na hapa tusema kweli. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Miaka hiyo msichana wa mjini mwenye sketi fupi alichorwa sana magazetini. Mara nyingi hakupewa jina wala la kusema, alipewa miguu tu. Tuwe na maoni yoyote juu ya mavazi yake, hilo si suala la leo. Suala ni kwamba mtu akichorwa bila jina na bila kinywa, msomaji hufundishwa kumcheka bila kumjua. Na barabarani wako wasichana waliozomewa na hata kuchaniwa nguo mbele za watu. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Visanduku hivihivi vilitumika pia kutuuzia vitu. Magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1950 yalichapa matangazo ya majarini kwa mtindo wa katuni. Hakuna ubaya katika majarini, lakini mama ajue pale hadithi inapokwisha na duka linapoanza, na amweleze mtoto.

WATOTO WETU NA KALAMU ZAO

Mojawapo ya katuni za kale za magazeti zilizopata kudumu duniani ilianza Desemba 1897 katika New York Journal. Aliyeichora ni Rudolph Dirks, mzaliwa wa Ujerumani, naye alifuata mfano wa Wilhelm Busch, aliyekuwa amechapisha kitabu cha watoto wawili watukutu mwaka 1865. Katika katuni ya Dirks wapo ndugu wawili, Hans na Fritz, na mama yao. Mama anapika, watoto wanaiba. Mama anapanga, watoto wanapangua. Hapa kwetu, miaka mingi baadaye, jarida la Sani likatuletea Madenge, mtoto wa shule asiyetulia. Kutoka New York hadi Dar es Salaam, mchoraji akitaka kuchekesha humwendea mtoto mtukutu na mama aliyechoka! Sijui tufurahi au tudai malipo.

Katika jarida hilo la Sani alikuwapo pia kijana Philip Ndunguru, ambaye michoro yake iliwafundisha wengi waliomfuata. Alifariki katika miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Baada yao wakaja wengine, kama James Gayo na Kingo wake, na Masoud na Kipanya wake. Wote hao walikuwa watoto wa mtu, na bila shaka walichora kwanza mahali pasiporuhusiwa.

Kwa hiyo mama, ukimkuta mwanao amechora sura ya mwalimu kwenye jalada la daftari la hesabu, usianze na fimbo. Daftari lina kazi yake, na hilo mwambie. Kisha umpe mkaa na ua lililofagiwa, au karatasi ya upande mmoja. Mwulize, "Huyu umempenda au umemchukia?" Jibu lake litakuonyesha kama unalea mtani au mdhihaki.

Siku hizi katuni haziji tena na sukari, zinakuja kwa simu, nyingi kwa siku kuliko tulizoziona zamani kwa mwaka. Huwezi kuzizuia zote. Lakini unaweza kukaa na watoto, mkatazama moja pamoja, mkaulizana mambo matatu. Anayechekwa ana jina? Mchekeshaji angekubali kukaa naye kula? Na yeye mwenyewe akiiona, atacheka au atalia? Maswali hayohayo yanafaa mezani kwetu pia, pale mume anapomtania mke juu ya chakula mbele ya wageni, au mke anapomtania mume juu ya mfuko wake mbele ya watoto. Kama umebeba mzigo pamoja naye, mtanie, nyumba isiyo na utani ni baridi. Kama siku hiyo hukubeba, nyamaza kwanza, ukabebe.

Na yule bibi mwenye ndonya katika picha ya zamani, mwambieni mjukuu jina lake. Akishalijua, kicheko chake kitabadilika chenyewe.

Tuonane mwezi ujao, akina mama. Gazeti la kufungia karanga likifika nyumbani, msilitupe kabla hamjaligeuza upande wa pili.